Subira ya Mama Aline

Kwa miaka mingi kulikuwa na neno moja ambalo hukuruhusiwa kulitamka nyumbani kwa Mama Aline, kule Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Mchungaji alilijua, wanakwaya walilijua, hata wanunuzi wa mawese waliotoka Baraka walionywa njiani kabla ya kufika. Neno lenyewe si tusi. Limo ndani ya Biblia, na wengine wamewapa binti zao liwe jina: subira. Sema uvumilivu, sema jikaze moyo, sema unachotaka. Lakini ukisema subira, mama huyo aliacha mwiko ndani ya pipa linalochemka, akaenda nyuma ya nyumba, na mawese yakaungua huku wewe umesimama hapo kama mjinga.

Jina lake ni Florentine, lakini Lweba nzima hakuna anayemwita hivyo. Kwetu mwanamke akishazaa, jina la usichana linakunjwa na kuwekwa pembeni. Yeye alizaa mtoto mmoja tu, Aline, kambini Nyarugusu, Tanzania, wakati ule nusu ya Fizi ilipovuka ziwa kukimbia vita. Basi akawa Mama Aline. Na hata Aline alipokufa, watu hawakuwa na jina lingine la kumpa. Sokoni, kanisani, kisimani: Mama Aline, jambo! Mama Aline, umeamkaje? Hebu fikiria mwenyewe, kuitwa kutwa kucha kwa jina la mtu uliyemzika.

Waliporudi kutoka kambini, Aline alikuwa msichana mdogo wa shule, na alirudi na kitu ambacho watoto wengine wa Lweba hawakuwa nacho. Sisi huku tuna Kingwana chetu, Kiswahili cha Kongo, tunasema mutoto, tunasema bamama, tunasema njo badala ya ndiyo, tunasema ngoja kidogo. Aline yeye alisema subiri kidogo. Alisema samahani. Alisema nimekwisha kula, ahsante. Wanawake wenye kazi zao walikuwa wanasimama ili wamsikie tu, na mama yake akivimba kichwa.

"Mutoto wangu anasema Kiswahili ya redio," alikuwa akijigamba huku anakanyaga ngazi, zile chikichi zilizochemshwa, mafuta mekundu yamempanda hadi magotini. Na binti akiteleza akasema ngoja kama wenzake, mama anamkatiza: "We! Si ulizaliwa Tanzania? Sema subiri. Usipoteze lugha yako."

Na Aline anarudia: subiri. Alikuwa mtoto wa kutii. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia simama, anasimama. Watoto wa namna hiyo tunawasifu, tunasema wamelelewa.

Sasa, kuna mama wa pili katika habari hii. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nyiramana, lakini naye alikuwa na mwana, Irakiza, kwa hiyo Mama Irakiza. Alikuwa mtu wa milimani, wa wale wafugaji wanaosema Kinyamulenge, mwanamke mrefu ambaye kwa mbali ungedhani ana majivuno, kumbe hana hata chembe. Urafiki wao ulianza kwa kicheko. Siku moja ya soko alikuja na kibuyu chake, akakaa karibu na mabidoni, yale madumu ya mawese ya Mama Aline, akasema kwa upole, "Niko na amata."

Mama Aline akasikia mate. "Mate? Mungu wangu! Mama, unauzisha mate?" Akatema pembeni kidogo ili mgeni aone mate ni kitu gani.

Mgeni akatazama pale chini, akamtazama yeye usoni, kisha akafungua kibuyu polepole. Maziwa. Maziwa meupe, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Lo! Walicheka hao wawili mpaka wakashikana mabega, mpaka soko zima likageuka. Tangu siku ile Mama Aline hakuyaita tena maziwa. Aliyaita mate ya Mama Irakiza, na mwenye mate yake aliitikia kwa kicheko.

Wakawa wanabadilishana: mawese ya huku chini yanapanda, maziwa na siagi za huko juu zinashuka. Mama Irakiza alikuja kumuuguza mwenzake alipopata malaria, akamfulia nguo. Irakiza alipooa, kitoweo cha samaki kilitoka Lweba. Na kuongea kwao, ungewasikia ungecheka: maneno machache ya Kiswahili, mikono mingi, na nyuso. Walielewana robo, robo tatu zilizobaki walijijazia wenyewe kwa upendo.

Ni vizuri, eh? Vizuri sana. Ila upendo wa namna hiyo una hatari yake, unakufanya uone aibu kuuliza. Ukishazoea kuitikia kwa kichwa, siku gani tena utasema, dada, hilo neno lako sikulielewa? Miaka yote ile Mama Aline hakumuuliza mwenzake neno hata moja la kwao, wala mwenzake hakumuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaimbia watoto. Sisi wakubwa tunaona tumemaliza kujifunza.

Baadaye barabara ya kwenda sokoni ilianza kuwa na maneno. Vijana wenye bunduki walikuwa wanasimamisha watu, watu wa milimani hasa. Wale mama wawili hawakutaka kuachana, basi wakapanga kukutania kwenye kivuko cha juu cha Mutambala, pale mto unapojigawa na kuacha fungu la mchanga katikati. Anayetoka chini anavuka mkono wa kwanza, maji ya magotini tu, anafika mchangani. Anavuka mkono wa pili, anafika ng'ambo. Aline alikuwa amekua, ana nguvu za kubeba bidoni kichwani bila kuishika. Mara nyingi ndiye aliyetumwa.

Siku hiyo jua lilikuwa linawaka. Huku chini hakuna aliyeona dalili ya mvua. Lakini sisi tunaojua Mutambala tunajua kwamba mvua yake hainyeshi kwako, inanyesha juu huko, na maji yanakufikia wewe ukiwa unaota jua.

Aliyeona yote ni Suzanne, jirani, aliyekuwa anatoa mihogo yake majini upande wa chini. Aliyaeleza siku ile, na akayaeleza tena na tena, wala hakuongeza hata kimoja. Tumtendee haki: Suzanne si mwongo.

"Aline alikuwa amefika kwenye muchanga," alisema. "Yule mama wa milimani alikuwa ng'ambo, juu kwenye mawe. Akanyoosha mukono hivi, kiganja mbele, akapiga kelele: subiri! subiri! Tena akasema nyuma, nyuma. Aline akageuka, akaangalia nyuma yake, hakuona kitu. Akamuangalia tena yule mama. Akatua bidoni chini. Akasubiri. Mi nilimuona kwa macho yangu, alisimama tu, mikono kiunoni, anasubiri. Njo maji ikakuja."

Ilikuja nyekundu, na magogo, na sauti kama ya magari. Fungu la mchanga lilitoweka. Wavuvi walimwona Aline kesho yake kwenye matete, pale mto unapoingia ziwani.

Matanga yalijaa. Watu walitoka Baraka, walitoka Makobola, walitoka Lubondja na mihogo mabegani. Mama Aline alikaa mkekani, hali, hanywi, anauliza swali moja tu: kwa nini alimwambia asubiri? Yeye yuko juu kwenye mawe, anaona mto wote, anaona maji yanavyokuja, anamwambia mtoto wa mwenzake subiri. Kwa nini? Na midomo ya watu, we unaijua, haikai bure. Mmoja akasema alikuwa hajamaliza kukama, akataka mtoto amngojee. Mwingine akasema mabaya zaidi, kwamba watu wa milimani ndivyo walivyo. Lisemwalo lipo, wakaongezea, kama kwamba methali ni shahidi. Mimi methali hiyo ningeizika kama ningejua kaburi lake.

Mchungaji akasimama, akasema yale wachungaji wanayoyasema. "Mama Aline, Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Uwe na subira."

Ndipo hapo hapo, haki ya Mungu, Mama Irakiza akaingia kwenye uwanja.

Alikuwa amezunguka mbali kwa sababu kivuko kilikuwa kimekufa. Miguu ilikuwa na matope hadi mapajani. Amebeba kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili, maana kwao hufiki kwa mtu mwenye msiba mikono mitupu. Watu wakampisha njia bila kumsalimia. Akapiga magoti mbele ya mkeka. Sauti yake ilikuwa imekauka, haitoki vizuri.

"Mama Aline," akasema. "Mi nilimuambia subira. Niliita: subira, subira, mpaka koo ikafunga. Mutoto akasimama tu." Akaanza kulia. "Mbona alisimama? Mama Aline, mbona mutoto alisimama?"

Suzanne akapiga makofi mara moja, akasema, "Munasikia? Anakubali yeye mwenyewe!"

Na Mama Aline, sasa jiweke pale alipokaa, alisikia nini? Alisikia mwanamke anakiri. Tena anakiri na kumdhihaki: mimi nilimwambia asubiri, mbona alisubiri? Mama Aline alisimama. Alichukua kile kibuyu kutoka mikononi mwa rafiki yake, akakiinua, akamwaga maziwa yote chini, mbele ya watu, hadi tone la mwisho.

Watu wa milimani hawamwagi maziwa. Hata yaliyoharibika wanayaheshimu. Kumwagia mtu maziwa yake ni kumwambia ukoo wako ukauke. Mama Aline alilijua hilo, ni moja kati ya machache aliyowahi kuyajua kuhusu mwenzake, na ndiyo maana alilifanya. Mama Irakiza akatazama ile nyeupe ikinywewa na mchanga. Akaigusa kwa vidole viwili, akajipaka kifuani, sijui ni desturi au ni uchungu tu. Akasimama, akaondoka bila kibuyu chake. Maji yakimwagika hayazoleki. Na maziwa je?

Wilondja, mume wa Mama Aline, ni mvuvi, mtu wa maneno machache. Matanga yalipokwisha akamwambia mkewe, "Twende tukamuulize. Tukae chini tumuulize muzuri."

"Nimuulize nini?" mkewe akamrukia. "Si alisema mwenyewe? Masikio yako iko wapi?"

"Alisema. Lakini yule mama alikuwa analia."

"Hata mamba analia!"

Wilondja akanyamaza. Na huko kunyamaza kwake, kulikokuwa kuzuri katika mambo mengine yote, safari hii kulikuwa kubaya. Mara mbili tatu Mama Irakiza alituma watu wamwombee njia ya kuja. Walirudishwa kutoka kizingitini. Kisha vita vya milimani vikawaka, vijiji vikachomwa, vya hawa na vya wale, ng'ombe wakaporwa, watu wakatawanyika. Habari zikashuka kwamba kwa akina Irakiza hakuna nyumba iliyosimama. Niseme ukweli? Mama Aline alifurahi. Alikoroga pipa lake siku hiyo na akaimba. Usiku alipolala, furaha ile ilikuwa imekwisha kuwa kitu kingine, lakini alikuwa ameimba, na majirani walimsikia.

Hivyo miaka ikaenda. Neno subira likafukuzwa nyumbani, wanakwaya wakaruka wimbo wao mmoja. Ngoja, akasema Mama Aline kwa wateja, ngoja kidogo. Kile Kiswahili cha redio alikizika pamoja na mwenye nacho.

Juzi juzi hapa Wilondja alipasuliwa tumbo hospitalini Baraka. Kama kawaida, mgonjwa analala ndani, mke wake anapika nje, uwanjani, pamoja na wauguzaji wengine, kila mmoja na mbabula yake ya makaa. Mama Aline alikuwa anachemsha maji ya ugali. Karibu naye alikaa msichana mwembamba, mgeni, ananyonyesha kitoto kichanga, na kaka wa kile kitoto, wa umri wa kuanza kutembea, anazunguka zunguka. Mtoto akaona sufuria. Mvuke ukampendeza. Akaja moja kwa moja, mikono mbele.

Mama yake hakuweza kuinuka haraka. Akanyoosha mkono, kiganja mbele, akapaza sauti:

"Subira! Subira inyuma!"

Mwiko ukamwanguka Mama Aline. Na yule mtoto, aliyekuwa hatua moja kutoka kwenye moto, akageuka. Hakusimama. Hakusubiri. Aligeuka, akakimbia kwa mama yake, akazika uso kwenye nguo yake.

Mama Aline alikaa akiangalia. Maji yalichemka yakafurika, yakazima makaa, moshi ukamjaa machoni, naye hakusogea. Kisha akaenda pale alipo yule msichana. Na ndipo alipouliza, baada ya maisha mazima, swali ambalo mtoto yeyote angeliuliza.

"We, mwanangu. Umemuambia nini mutoto?"

Msichana akaogopa. Aliitwa Shimwa, na alikuwa mtu wa milimani katikati ya watu wa ziwani. Aliangalia huku na huku kama mwenye kutafuta mlango. "Samahani mama. Sikutukana mutu."

"Najua. Hilo neno tu. Ulimuambia nini?"

"Nilimuambia arudi. Kwetu, subira ni rudi. Subira inyuma, ni rudi nyuma." Akasita. "Mama? Mama, unagonjwa?"

Maana Mama Aline alikuwa ameketi chini, kwenye majivu yenye maji, amejishika kichwa. Alimwona Aline. Alimwona kama Suzanne alivyomsimulia miaka yote, na sasa kwa mara ya kwanza alielewa kile alichokuwa anakiona: mtoto amesikia nyuma, akageuka akatazama nyuma yake, hakuona kitu. Maana alikuwa anatafuta kitu cha kuona. Hakuambiwa atazame, aliambiwa arudi. Mkono mmoja wa maji, maji ya magotini, angekuwa amefika nyumbani. Na mtoto wa watu wa Lweba aliyezoea kusema ngoja angesikia neno hilo kama kelele za kigeni tu, pengine angeogopa, pengine angekimbia. Lakini Aline alikuwa anajua subiri. Mama yake alimfundisha. Mama yake alimkatiza kila alipoteleza.

Akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya matanga. Wauguzaji wakakusanyika, wakidhani Wilondja amekufa.

Wilondja hakuwa amekufa. Alilala kitandani na bandeji yake, akamsikiliza mkewe akimweleza kila kitu, neno kwa neno. Angeweza kusema, si nilikuambia tumuulize? Wanaume wengi wangesema. Alisogea tu kidogo, maumivu yakamkunja uso, akamwachia nafasi ya kukaa.

"Bado tunaweza kumuuliza," akasema.

"Si kumuuliza tena," mkewe akajibu. "Ni kumuambia. Anafikiri nilimwaga maziwa yake kwa sababu gani? Lazima ajue. Wilondja, lazima ajue mbele hajakufa, ao mbele mi sijakufa."

Akawa hana kazi nyingine. Shimwa akapiga simu kwa watu wa kanisa lao, nao wakapiga kwa wengine. Watu wa milimani wametawanyika lakini wanajuana. Mama Aline alikuwa akimfuata yule msichana uwanjani kama kifaranga, amepata? bado? Alikuwa amekwisha kupanga atakavyosema. Angeanza na mate. Angesema, Mama Irakiza, ni mimi, yule wa mate. Angemchekesha kwanza. Halafu angepiga magoti, hata kama kwenye simu haionekani.

Namba ilipopatikana, ilikuwa ya Irakiza. Alikuwa amekimbilia upande wa Burundi. Mama Aline akaenda pembeni, karibu na ukuta ambako mtandao unashika, akaweka simu sikioni kwa mikono miwili.

"Irakiza, mwanangu. Ni Mama Aline. Wa Lweba."

Sauti ya mwanamume mzima, nzito, ikasema polepole, "Mama Aline. Jambo, mama."

"Nipe mama yako. Nakuomba. Najua nilimufanyia vibaya, lakini nipe niseme naye kidogo tu."

"Mama alikufa," akasema Irakiza. "Mwaka ulioisha, wakati wa mvua."

Akashika ukuta. Pembeni watu walikuwa wanaosha vyombo, mmoja anamcheka mwenzake kwa sababu ya ugali wake. Mama Aline alitaka kuwaambia wanyamaze.

"Alikuwa anakutaja," Irakiza akaendelea. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa gumu. "Hakukulaumu. Alisema ulikuwa na haki ya kumwaga maziwa. Alisema sauti yake njo ilimuua Aline, sababu ilikuwa ndogo. Maji ilikuwa na kelele, mutoto hakusikia. Alikuwa anasema, ningekuwa na sauti ya mwanaume angesikia. Mama alikuwa mwimbaji, unakumbuka? Tangu siku ile hakuimba tena kanisani. Tulimuomba. Alikataa. Alisema sauti iliyoshindwa kuvuka mto, itafika kwa Mungu namna gani?"

Mama Aline akalia, na yule mwana akamwacha alie, hakukata simu.

"Irakiza," akasema mwishowe. "Sikiliza. Sauti ya mama yako ilifika. Ilivuka. Aline alisikia."

"Alisikia?"

"Alisikia muzuri sana. Mama yako alisema subira. Mutoto wangu akasikia subiri. Njo Kiswahili nilimufundisha mi mwenyewe, ya Tanzania. Kwake ilikuwa ni ngoja." Akavuta pumzi. "Hakukosa kusikia, mwanangu. Alitii."

Irakiza alijua lugha zote mbili. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Mama Aline alimsikia akipumua, halafu akasikia pumzi yenyewe inavunjika vipande vipande, mwanamume mzima analia kwa ajili ya mama yake. Wakakaa hivyo, yeye ameegemea ukuta Baraka, huyu huko aliko.

Kisha Irakiza akajikaza, akasema kama wanavyosema kwao kwa mtu aliyefiwa: "Wihangane, mama."

Zamani Mama Aline angeitikia kwa kichwa, akajijazia mwenyewe. Safari hii akauliza.

"Hilo neno, mwanangu. Kwetu ni kusema nini?"

Irakiza akasitasita.

"Sema tu," akasema Mama Aline. "Nataka kujua."

"Ni kusema uwe na subira."

Mama Aline akafumba macho. "Aksanti, mwanangu," akasema. "Na wewe pia. Uwe na subira na wewe."